Msako wa maziwa Nairobi: tunamkamata nani hasa?

Kila mara askari wa kaunti wakimwaga barabarani mitungi ya maziwa ya wachuuzi watu wanagawanyika, huyu anasema safi sana wamalize hao wezi, yule anasema jamani mwachieni mtu anatafutia watoto unga. Naona wote wana pointi, ila wanaongelea makosa mawili tofauti.

Kuongeza maji ni wizi tu. Laktomita, kile kipimo cha uzito wa maziwa, ikishuka chini ya 28 hivi umemnasa, ndio maana wajanja wanatia sukari au chumvi kidogo kipimo kirudi juu na askari mwenye laktomita peke yake anawapitisha. Balaa ni kosa la pili, haidrojeni peroksaidi, dawa ya kemikali inayotiwa ili maziwa yasikatike njiani. Hii inavunjika yenyewe ndani ya maziwa, sampuli ya leo ikipimwa maabara kesho kutwa inaweza kutoka safi kabisa, kwa hiyo unapima palepale kwenye mtungi ama huna kesi.

Wanaotaka msako mkali siwezi kuwapuuza. Mama anayenunua nusu lita kwa kibanda hawezi kujua amepewa nini, kuchemsha kunaua vijidudu vya TB na bruselosi, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, lakini hakuondoi mabaki ya antibayotiki wala aflatoksini, sumu ya ukungu iliyotoka kwa chakula cha ng'ombe. Halafu kama hakuna anayeshikwa, muuzaji mwaminifu atashindanaje bei na yule ambaye robo ya mtungi ni maji ya mfereji?

Lakini huyo mchuuzi wa bodaboda katoka Kiambu na jerikeni ya plastiki bila barafu, akisikia kuna msako anazunguka njia za ndani, jua linapiga, maziwa yanaanza kuchacha, na hapo ndipo dawa inaingia. Yaani msako wenyewe unamsukuma kwa kile tunachokiogopa! Na njia nyingine tulishaionja, kuanzia 2004 wachuuzi wadogo walianza kufunzwa usafi na kupewa leseni badala ya kufukuzwa tu, na kanuni kali za maziwa zilizopendekezwa 2019 wananchi walizipigia kelele mpaka serikali ikaziondoa.

Mimi nataka msako uendelee, ila kumwaga bila kupima kunathibitisha tu kwamba mtungi ulikuwa wa plastiki. Karatasi za kupima peroksaidi zinatoa jibu papo hapo, askari wapewe hizo, huko maziwa yanakotoka kuwe na mahali pa kuyapooza, kisha atakayekutwa na dawa ashtakiwe, huyo sitamtetea.