Niwashie kwanza, ndo nilipe

Nilidhani ni mdudu. Wanaokaa huku kandokando ya ziwa wananielewa, kuna misimu vile vidudu vya ziwani vinapanda kama moshi, ukiwa na taa moja tu inayowaka ndani basi vyote vinahamia hapo, na mi usiku ule nilikuwa nimezima taa zote nafanya kazi na mwanga wa laptopu tu, kwa hiyo kioo ndo kilikuwa taa yenyewe. Nikaona kidoti kwenye shela ya bibi harusi. Nikapuliza, hakikutoka. Nikapitisha kitambaa, hakikutoka. Nikasogeza picha pembeni, shela ikaenda na kidoti kikabaki palepale, kijani kibichi, kidogo kuliko punje ya chumvi.

Laptopu ilikuwa na siku tatu.

Mi nafanya picha za harusi na mahafali, na kadi za send-off, hapa Kirumba, Mwanza. Ile mashine niliichanga karibu mwaka mzima, milioni moja na laki nne, mpya ndani ya boksi na sili yake, maana ya mwanzo ilikuwa ya mtumba na nilishaapa safari hii nachukua mpya ili nisisumbuane na mtu. Kwa hiyo naomba msomaji anielewe, sikuumia kwa sababu ya doti peke yake, niliumia kwa sababu nililipia neno "mpya" na nikaamini linamaanisha safi.

Asubuhi nikapanda daladala mpaka mjini nikarudi dukani. Kijana aliyeniuzia akanipokea vizuri tu, akainamia kioo, akaiona, akasema "dada hiyo mbona kitu kidogo, utaizoea, hata hutaiona tena baada ya wiki." Nikamwambia kaka mimi kazi yangu ni kuangalia picha, siwezi kuzoea. Akaenda kwa bosi wake, bosi akaja na kile kikaratasi cha waranti ambacho mi nilikuwa sijakifungua, maandishi madogo kweli na yote Kiingereza, akanionyesha kwa kidole mstari unaosema kioo chenye pikseli chache mbovu, yaani zile nukta ndogondogo zinazounda picha, hakihesabiwi kuwa kibovu. Chache ngapi? Haijaandikwa. Nikauliza basi nibadilishieni tu nyingine niongeze hata kidogo, akanionyesha ukutani pale juu ya kaunta, bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Yaani nililetewa karatasi na ukuta, na vyote viwili vilikuwepo siku nanunua ila hakuna aliyenionyesha.

Sasa niliporudi nyumbani nikakaa nikasoma hii habari mpaka bando likaisha, na kusema kweli nilichokikuta kimenisaidia kupunguza hasira upande mmoja na kuiongeza upande wa pili.

Kioo cha Full HD kina pikseli 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, ukizidisha unapata 2,073,600. Kila pikseli ina vipande vitatu, chekundu, kijani na bluu, kwa hiyo ni zaidi ya vipande milioni 6, na kila kipande kina transista yake ndogo iliyotandikwa kwenye kioo kiwandani, ndo inayokifungua na kukifunga ili mwanga wa nyuma upite au usipite. Chembe moja ya vumbi ikiangukia mahali pabaya wakati wa kutandika, transista moja inaharibika. Ikibaki imefungua muda wote unapata doti inayowaka, nyekundu au kijani au bluu, hiyo ndo pikseli iliyoganda. Pikseli ikizima kabisa unapata doti nyeusi, hiyo imekufa. Ya kwangu imeganda kwenye kijani, na kijani ndo rangi ambayo jicho la binadamu linaiona kwa wepesi kuliko zote, kwa hiyo wanaosema utaizoea wafikirie na hilo.

Na viwanda wanajua. Kuna kiwango cha kimataifa kabisa, ISO 13406-2 cha mwaka 2001, baadaye mwaka 2008 ikaja familia ya ISO 9241 kuchukua nafasi yake, humo vioo vimepangwa kwa madaraja. Daraja la kwanza halitaki pikseli mbovu hata moja. La pili, ambalo makampuni mengi walilishika, kwa kile kiwango cha zamani liliruhusu kwa kila pikseli milioni moja, mbili zinazowaka muda wote, mbili zilizozima, na vipande vitano vya rangi vilivyoharibika. Kioo kama changu kina milioni mbili na ushee, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe, kingeweza kuwa na doti nyingi tu na bado kwenye karatasi kikaitwa kizima.

Hapo ndo nilikaa kimya kidogo. Maana kumbe hii siyo bahati mbaya iliyoniangukia mimi peke yangu, ni kitu kilichopangwa, kimeandikwa, kina namba, na kila anayehusika kuanzia kiwandani mpaka kwenye kaunta anajua kinaweza kutokea, isipokuwa mimi ninayetoa hela. Na siwalaumu kwamba vioo havitoki visafi vyote, naelewa wakitupa kila kioo chenye doti moja bei itapanda na mimi huku sitaifikia. Lakini wakitaka inawezekana, Dell kwa mfano kwenye monita zake za UltraSharp walitoa ahadi kwamba hata pikseli moja ikiwaka unabadilishiwa. Ni suala la nani anabeba hasara. Kwenye hizi laptopu zetu za bei ya kawaida wameamua aibebe mnunuzi, sawa, basi mniambie kabla sijalipa ili niamue kama nataka kuibeba.

Hilo ndo ninalolitaka na sioni kama ni kubwa. Unifungulie boksi, uwashe, unipe dakika tano niangalie, ndo nilipe.

Nenda pale Mwaloni, soko la samaki, asubuhi uone watu wanavyonunua. Mama anataka sato, anafunua shavu la samaki aone ndani kama bado ni pekundu, anabonyeza tumbo, akiona halirudi anamuweka chini anachukua mwingine na muuzaji wala hanuni. Wa dagaa ndo kabisa, anazamisha mkono kwenye gunia mpaka kiwiko, anatoa wa chini, ananusa, anavunja mmoja aone kama umekauka, maana wote tunajua juu ya gunia huwa pazuri. Hakuna anayemwambia mama ukishika umenunua. Sasa samaki wa elfu kumi tunamkagua mpaka ndani ya mashavu, laptopu ya milioni moja na laki nne tunaambiwa sili ikikatwa ni ya kwako. Hapana jamani. Sili inalinda nini kama siyo mnunuzi?

Na sheria wala haiko mbali na hili. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inampa mnunuzi haki ya kupewa nafasi ya kukagua alichonunua kabla hajahesabiwa amekipokea, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina sehemu nzima ya kumlinda mlaji. Ila ujue na upande wa pili, ukipewa nafasi ukakagua juujuu, kasoro ambayo ungeiona kwa kuangalia vizuri inakuwa ngumu kuidai baadaye. Kwa hiyo kagua kweli.

Kukagua kwenyewe mi nakufanya hivi. Nina flashi yenye picha tano tu, kila moja rangi moja tupu, nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani, bluu, nimezitengeneza kwa ukubwa wa 1920 kwa 1080 kwenye programu ya kawaida ya kuchorea, picha zenyewe hazihitaji intaneti wala nywila ya mtu. Unafungua picha inajaza kioo chote, unapandisha mwanga mpaka mwisho, unaanza kona ya juu kushoto unashuka taratibu kama unayesoma mistari. Kwenye nyeusi unatafuta kinachowaka, kwenye nyeupe unatafuta kilichozima, na zile rangi tatu zinakuonyesha kipande kilichokufa ambacho kwenye nyeupe kinaweza kukupita. Usikague pale mlangoni, maduka mengi ya mjini yametazama barabara na jua la Mwanza likipiga kwenye kioo huoni kitu, omba uingie nyuma kwenye kivuli. Ukiona doti, pitisha kitambaa kikavu laini kwanza, vumbi litahama. Na kama huna uhakika ni kioo au ni programu, piga skrinishoti uitume kwenye simu, doti ya kioo haitokei kwenye skrinishoti hata siku moja. Wakikwambia haina chaji, laptopu mpya karibu zote zinatoka na chaji kidogo, na waya wa umeme si umo humohumo ndani ya boksi.

Kwa ambaye ameshanunua kama mimi, pikseli iliyoganda inaweza kurudi, iliyokufa usitegemee sana. Kuna vitu kama JScreenFix, inafunguka kwenye brauza, inakuwa kiboksi kinachobadilisha rangi harakaharaka, unakiburuta mpaka juu ya doti unakiacha dakika kumi au zaidi. Mtu mwenye kifafa asiangalie ile kitu kabisa, inamulika vibaya, geuza laptopu ukutani uondoke. Mimi niliiacha nusu saa, nikaiacha usiku mzima, kuna asubuhi moja nilifungua nikaona haipo nikapiga kelele mpaka mdogo wangu akaja mbio, mchana ikarudi. Ile njia ya kubonyeza na kitambaa wakati unazima na kuwasha sikushauri, vioo vya laptopu siku hizi ni vyembamba na unaweza ukatoka na doti moja ukaingia na mstari mzima.

Nilienda mpaka kwa fundi mmoja mzee huko Nyakato, nikamwamkia, akavaa miwani akaiangalia muda mrefu bila kusema kitu. Akaniambia mwanangu hii dawa yake ni kubadilisha kioo, laki mbili na nusu, na nikifungua tu waranti yako imekwenda, kaa nayo mpaka waranti iishe ndo uje. Nilimshukuru kwa kuwa angeweza kuchukua hela yangu.

Kwa hiyo bado ninayo. Iko upande wa kulia juu kidogo ya katikati, yaani palepale ambapo ukifungua picha ya watu wawili uso wa mmoja unakaa. Nimejifunza kusogeza picha kila nikiona kitu, kama kitu kinahama na picha ni cha kwenye picha, kama kinabaki ni cha kwangu. Mwezi uliopita nilisahau kusogeza, doti ikakaa juu ya alama kwenye shavu la bibi mmoja kwenye picha ya familia, sikuiona vizuri nikaifuta nikidhani ni uchafu wa picha, kumbe ilikuwa alama yake ya kuzaliwa nayo, watoto wake ndo walioiulizia. Nikairudisha bure, nikaomba radhi. Sasa mtu akiniambia ni kitu kidogo mi namkumbuka yule bibi.

Wiki iliyopita shemeji yangu alikuwa ananunua yake, anasoma chuo pale Malimbe, nikaenda naye, duka jingine. Kabla ya kutaja bei nikamsalimia mwenye duka nikamwambia kaka tunanunua leo hela tunayo, ila tunaomba uwashe tukague kioo, na ukatuandikie kwenye risiti kwamba tumekabidhiwa kioo hakina doti, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Akanitazama, akacheka kidogo, akachana sili. Tukaingia nyuma karibu na stoo nikachomeka flashi. Nyeusi safi, nyeupe safi, kwenye nyekundu shemeji akaweka kidole, "hapa." Mwenye duka akainama naye, akatoa miwani akavaa, akasogea mpaka pua inakaribia kugusa kioo. "Kweli ipo." Hakubishana, akaenda stoo akaleta boksi la pili, na ya pili ikapita rangi zote tano.

Wakati tunaandikiwa risiti akaniuliza hizo picha naweza kumwachia. Nikamwekea kwenye kompyuta ya kaunta. Tunatoka mlangoni nikageuka, alikuwa ameshazihamishia kwenye flashi yake na amewasha laptopu ya maonyesho iliyokuwa dirishani, kioo chote kijani, anashuka nayo mstari kwa mstari.