Unga mweupe, kiazi cha chungwa: vitamini A ya Nyanda za Juu Kusini itoke wapi?

Kila inapozungumzwa lishe ya watoto wa Mbeya, Iringa na Njombe, hoja mbili hugongana. Ya kwanza inasema tubadilishe mbegu: tupande mahindi ya rangi ya chungwa na viazi lishe, yaani viazi vitamu vya rangi ya chungwa, ili vitamini A iwe ndani ya chakula kile kile kinacholiwa kila siku. Ya pili inajibu kwamba mikoa hii tayari ina majani ya maboga, mnavu, matembele, karoti, parachichi za Rungwe na mawese ya Kyela, na mtoto hupewa matone ya vitamini A kliniki mara mbili kwa mwaka. Mbegu mpya ya nini tena?

Hoja zote mbili zina sayansi nyuma yake. Kasoro yao ni moja: zinahesabu rangi iliyoko shambani au sahanini, wakati kinachomfaa mtoto ni kile kinachovuka ukuta wa utumbo wake. Kati ya shamba na utumbo kuna upotevu mkubwa, na hapo ndipo uamuzi unapotakiwa kufanyika.

Karotenoidi ni rangi ambazo mmea hujitengenezea ili kunasa mwanga na kujikinga na jua linapozidi. Zimeshatambuliwa zaidi ya 1,000, lakini zipatazo 50 tu ndizo mwili unaweza kuzigeuza kuwa vitamini A, na katika chakula chetu tatu ndizo zenye uzito: beta-karotini, alfa-karotini na beta-kriptoksanthini. Laikopeni, inayoipa nyanya ya Ilula wekundu wake, haigeuki vitamini A hata kidogo. Luteini na zeaksanthini nazo hazigeuki, ingawa hujikusanya katikati ya retina na kulikinga jicho na mwanga mkali. Tofauti hii si ya darasani tu. Mahindi ya njano ya kawaida yamejaa luteini na zeaksanthini, huku karotenoidi zenye kutoa vitamini A mara nyingi zikiwa chini ya mikrogramu 2 kwa gramu ya punje. Mahindi yaliyozalishwa kwa ajili ya vitamini A ni ya rangi ya chungwa iliyokolea, na wazalishaji wa mbegu walijiwekea lengo la mikrogramu 15 kwa gramu. Anayenunua mahindi ya njano akidhani amenunua vitamini A atakuwa amelipia rangi ya jicho. Kwa majani ni kinyume chake: chungwa imejificha chini ya kijani, na kadiri jani linavyokuwa la kijani kibichi kilichokolea ndivyo beta-karotini inavyokuwa nyingi.

Sasa tuje kwenye hesabu iliyowagawa wataalamu. Mwaka 1967 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikubaliana kwamba mikrogramu 6 za beta-karotini ya chakula hutoa mikrogramu 1 ya retinoli, yaani vitamini A yenyewe. Mwaka 1995 utafiti wa Indonesia kwa akina mama wanaonyonyesha ukatikisa kipimo hicho: walilishwa mboga za kijani kila siku kwa wiki kadhaa, na hali yao ya vitamini A haikuboreka. Kazi zilizofuata huko huko zilikadiria uwiano wa 26 kwa 1 kwa mboga za majani na 12 kwa 1 kwa matunda. Mwaka 2001 Marekani ikapitisha 12 kwa 1 kwa vyakula vyote vyenye beta-karotini.

Tuiweke hesabu hiyo kwenye bakuli la mtoto. Wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji mikrogramu 300 za vitamini A kwa siku. Kwa uwiano wa 12, hiyo ni miligramu 3.6 za beta-karotini. Kwa uwiano wa 26 ni miligramu 7.8. Tukichukulia mboga ya majani iliyopikwa ina miligramu 4 kwa kila gramu 100, mtoto huyo atatakiwa kula karibu gramu 90 katika hali nzuri na karibu gramu 200 katika hali mbaya. Mtoto wa mwaka na nusu hali gramu 200 za mnavu. Tumbo lake halina nafasi hiyo, na wala hapendi uchungu wake.

Kwa nini majani yawe bahili hivyo? Beta-karotini ya jani imefungwa ndani ya protini za kloroplasti, vile vijisehemu vya seli vinavyobeba rangi ya kijani, nyuma ya kuta za seli. Ya boga, embe, papai na kiazi lishe imekaa kwa namna inayoachia kwa urahisi zaidi. Na popote ilipo haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo bila mafuta hupita na kwenda zake. Hapa ndipo hoja ya pili, ile ya kwamba mboga tunazo, hujiangusha yenyewe. Mboga ya chukuchuku kando ya ugali ni mlo wa kawaida katika nyumba nyingi za mikoa hii, na kwa vitamini A ndio mlo dhaifu kuliko yote.

Habari njema ni kwamba mafuta yanayohitajika ni kidogo sana. Utafiti wa watoto wa Ufilipino uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba gramu 2.4 za mafuta kwa mlo zilitosha, na kijiko cha chai kilichojaa kina karibu gramu 5. Kijiko cha mezani cha karanga zilizotwangwa, kama gramu 10, kinatoa nusu yake kuwa mafuta. Vipande vya parachichi vya gramu 30 vinatoa gramu 4 hivi. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walipima damu za watu waliokula saladi yenye parachichi na isiyo nayo, na ufyonzaji wa beta-karotini uliongezeka mara 15 kwa wenye parachichi. Fedha za utafiti huo zilitoka kwa wazalishaji wa parachichi wa California, na parachichi lililotumika, gramu 150, lilikuwa kubwa kuliko sehemu ya mtoto, kwa hiyo ile mara 15 isichukuliwe kama ahadi. Mwelekeo wake lakini unakubaliana na kila tunachokijua kuhusu mafuta na karotenoidi. Inasikitisha kwamba Rungwe na Njombe parachichi linahesabiwa kwanza kama zao la kusafirisha, na lile lililokataliwa na mnunuzi kwa sababu ya doa kwenye ganda huishia kuoza au kulishwa nguruwe, wakati ndani halina tatizo lolote.

Kwa mpishi, basi: katakata majani madogo, yapike yakiwa yamefunikwa mpaka yalainike na yasizidi hapo, tia karanga au mafuta ndani ya chungu, na ya mtoto yapondwe. Ukirefusha mapishi kwa saa nzima bila mfuniko, joto na hewa vinaanza kuiharibu ile ile uliyoikusudia. Dawa ya minyoo inayotolewa pamoja na matone nayo isipuuzwe, kwa sababu utumbo wenye minyoo hufyonza mafuta vibaya, na karotenoidi husafiri na mafuta.

Hoja ya kwanza ina nguvu zaidi kwenye viazi lishe kuliko kwenye mahindi, na mara nyingi hivi viwili huchanganywa kana kwamba ni jambo moja. Gramu 125 za kiazi lishe kilichochemshwa, kiazi kimoja cha wastani, zinaweza kutosheleza mahitaji ya siku ya mtoto mdogo. Miradi ya Msumbiji na Uganda ilionyesha kwamba familia zinapopewa marando na elimu ya kulisha watoto, ulaji wa vitamini A hupanda kweli. Kazi hiyo ndiyo iliyowapa Maria Andrade, Robert Mwanga na Jan Low Tuzo ya Dunia ya Chakula mwaka 2016, pamoja na Howarth Bouis. Kuchemsha kwa maganda huhifadhi sehemu kubwa ya rangi.

Ugumu wa viazi lishe uko shambani. Aina nyingi zina maji mengi kuliko viazi vyeupe, na mlaji wa huku anataka kiazi cha unga. Watoto hupenda ulaini ule ule ambao baba zao wanaulalamikia, kwa hiyo vilengwe kwa watoto na visilazimishwe kushindana na kiazi cheupe sokoni Mwanjelwa. Kwenye miinuko yenye baridi kali kama Makete kiazi kitamu hudumaa, na hapo boga na karoti vina maana zaidi. Na mvua zetu ni za msimu mmoja: zikikatika mwezi Mei, marando hufa kabla ya Novemba. Wenye vinyungu, yaani bustani za bondeni zenye unyevu, wana jibu tayari. Kitalu cha hatua chache bondeni, kinachomwagiliwa tangu Juni, kitatoa vipande vya sentimita 30 vya kupanda mvua zinapoanza, umbali wa mita 1 kati ya matuta na sentimita 30 kati ya mimea, theluthi mbili ya kipande ikiwa chini ya udongo. Chukua ncha za marando ya mimea isiyo na majani yaliyokunjamana au yenye mabaka, maana virusi husafiri na mbegu na kila msimu mavuno hupungua bila mkulima kujua sababu. Ardhi ikipasuka kuzunguka shina, pandishia udongo mara moja. Fukusi huingilia kwenye nyufa hizo hizo.

Unga wa viazi lishe, unaouzwa sana kwa ajili ya uji, unahitaji tahadhari yake. Vipande vikaushwe kivulini penye upepo, maana jua kali la moja kwa moja hula rangi. Hata vikikaushwa vizuri, unga uliokaa miezi minne kwenye joto la kawaida unaweza kuwa umepoteza zaidi ya nusu ya beta-karotini yake. Jicho ni kipimo kizuri hapa: unga uliopauka kutoka chungwa kwenda krimu umeshaondokewa na kile ulichonunuliwa.

Mahindi ya chungwa ni mzani mgumu zaidi. Kwa upande wa faida, karotenoidi zake ziko kwenye kiini cha wanga na si kwenye kiinitete, hivyo kukoboa hakuziondoi kama kunavyoondoa mafuta ya punje. Sembe ya chungwa hubaki na nyingi. Zaidi ya hayo, mwili huzigeuza vizuri: kwa wanawake wa Marekani uwiano ulikuwa karibu 6.5 kwa 1. Lakini piga hesabu. Mtoto wa miaka mitano anayekula gramu 200 za unga wenye mikrogramu 8 kwa gramu anapata 1,600; ghala likila nusu, zinabaki 800, nazo hutoa kama mikrogramu 120 za vitamini A kati ya 400 anazohitaji. Kwa mbegu ya mikrogramu 15 anafika karibu 230. Ni mchango wa maana, ila hautoshelezi peke yake, na unategemea kuhifadhi punje kwenye mifuko isiyopitisha hewa na kusaga kidogo kidogo.

Jirani zetu wa ng'ambo ya Tunduma wametutangulia. Zambia iliidhinisha mbegu hizo mwaka 2012, na majaribio yake yametoa majibu yasiyofanana. Moja lilionyesha akiba ya vitamini A mwilini ikiongezeka. Jingine, la Mkushi, lilionyesha beta-karotini ya damu ikipanda bila retinoli kupanda, ingawa watoto waliokuwa na upungufu waliboreka katika namna mboni zao zilivyoitikia mwanga. Matokeo haya hayapingani. Mwili wenye akiba ya kutosha hupunguza ugeuzaji, na hilo ndilo linaloifanya karotenoidi ya chakula isimletee mtoto sumu ya vitamini A. Zambia ilikuwa ikiongeza vitamini A kwenye sukari tangu 1998, na watoto wengine walikutwa na akiba kubwa kwenye ini hadi ngozi zikageuka njano msimu wa embe ulipofika.

Kikwazo cha huku ni soko. Wazee wanakumbuka unga wa yanga, yaani wa mahindi ya njano, wa miaka ya njaa, uliofika umeshachacha baada ya safari ndefu, na ladha hiyo bado inahukumu kila punje yenye rangi. Zaidi ya kumbukumbu kuna chavua. Rangi ya punje ya mahindi huonekana msimu ule ule wa uchavushaji: shamba la chungwa likiwa jirani na la mweupe, magunzi ya mweupe yatatoka na punje za njano humo humo, na mnunuzi wa mahindi meupe atapunguza bei ya gunia zima. Mita 300 za nafasi, au kupishana wiki nne za kupanda, hupunguza tatizo, lakini kwenye mashamba yaliyobanana ya Mbozi au Mufindi nani atampata jirani wa mita 300? Mpaka vijiji vikubali kupanda kwa kanda, kumhimiza mkulima mmoja mmoja kupanda mahindi ya chungwa ni kumgombanisha na jirani zake.

Na matone ya kliniki? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 ulikuta theluthi moja ya watoto wa chini ya miaka mitano wana upungufu wa vitamini A, licha ya matone. Dozi ya yuniti 200,000 kwa mtoto aliyetimiza mwaka huinua kiwango kwa wiki kadhaa kisha hushuka. Inaokoa maisha, haijengi mlo. Mafuta yaliyoongezwa vitamini A husaidia, ila alizeti inayokamuliwa kwenye mashine za mitaani haiongezwi kitu, na mafuta ya kupima yanayokaa kwenye chupa angavu juani hupoteza kile kilichoongezwa. Mawese mekundu ya Kyela yana karotenoidi tele kwa asili yake, mradi yasichemshwe mpaka yawe meupe. Karibu nusu ya mafuta yake ni yale magumu yanayopandisha lehemu, kwa hiyo kijiko cha chai kwenye uji wa mtoto ni jambo jema, na chungu kizima cha kukaangia kila siku si sawa na hicho.

Wapo wanaochukua sifa zote hizi na kuzipeleka kwenye vidonge vya beta-karotini. Nchini Ufini wavutaji sigara 29,133 walifuatiliwa katika jaribio ambalo baadhi yao walipewa miligramu 20 kila siku kwa matumaini ya kuzuia saratani ya mapafu. Matokeo ya 1994 yalionyesha saratani hiyo imeongezeka kwa asilimia 18 kwa waliomeza. Jaribio la Marekani lenye miligramu 30 pamoja na retinoli lilisimamishwa mapema, Januari 1996, kwa sababu hiyo hiyo. Anayevuta sigara asinunue vidonge hivyo kwa ushauri wa mtu yeyote. Kiazi, boga na mnavu havijawahi kuonyesha madhara hayo.

Kwa mizani yetu, fedha ya mradi ikiwa ni ya kitu kimoja, iende kwenye vitalu vya marando vinyunguni na kwenye kijiko cha karanga ndani ya mboga ya mtoto kuanzia miezi sita. Mahindi ya chungwa yaanzie kwenye mashamba ya shule, ambako mlaji ndiye mlimaji na hakuna mnunuzi wa kumuogopa. Matone yaendelee hadi vipimo vya damu na akiba vya mikoa hii, vilivyosahihishwa kwa maambukizi kwa kuwa homa hushusha retinoli ya damu hata kwa mtoto mwenye akiba nzuri, vionyeshe kwamba chakula kimeshika nafasi yake.