Chetezo cha Mama Mkwe

Laka ya naitro, ile inayopuliziwa magitaa ya umeme yakang'aa, asili yake ni pamba. Pamba ya kawaida kabisa, ila imepitishwa kwenye asidi ya nitriki na ya sulfuriki ikatoka na tabia nyingine. Inasimuliwa kwamba katikati ya miaka ya 1840 mkemia Christian Schönbein, kule Basel, alimwaga asidi hizo jikoni wakati mkewe hayupo, akapangusia aproni ya mkewe, akaianika karibu na jiko ikauke. Ilipokauka, fwaa! Hata kipande cha kumwonyesha mwenye aproni hakikubaki. Baadaye watu wakaipata akili ya kuiyeyusha iwe rangi ya magari inayokauka upesi, na Leo Fender, mtengeneza magitaa wa California, akazichukua rangi hizo za magari akapaka magitaa. Ile nyekundu inayonitoa udenda, Fiesta Red, ilikuwa ya gari la Ford Thunderbird la mwaka 1956.

Naanzia huko ili msije mkasema sikujua ninachoshika. Hapa Minnesota, Marekani, Januari ile, hakuna aliyejiandaa kupuliza gitaa kwa usalama kuliko mimi.

Wenye busara hungoja Mei. Mimi nilikuwa na bodi tupu ya gitaa, mti mweupe usio na chochote, na bendi yetu imeshachukua malipo ya awali ya harusi ya Februari. Sasa, naitro inataka joto la nyuzi 20 hivi. Ukiipuliza kwenye baridi haisambai, inatiririka, au inavaa ukungu mweupe kwa sababu ya unyevu unaotua juu yake ikikauka. Gereji yangu imeshikana na nyumba, na nje usiku ilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Ukifungua mlango upate hewa, joto lote linaenda kwa majirani. Ukiufunga, mvuke wa laka unabaki na wewe.

Na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kutafuta dirisha. Unashuka sakafuni, unatambaa, unapita chini ya milango mpaka ukutane na moto popote ulipo, kisha unarudi na moto huo kwako. Jirani yangu mmoja alinihakikishia kwamba kwenye barafu hii hakuna kinachoweza kuwaka. Asetoni, iliyomo kwenye laka nyingi, hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye hizo nyuzi 20 chini ya sifuri. Nilimshukuru jirani, nikaendelea na maandalizi yangu.

Kwenye kona ya gereji umesimama mtungi wa kuchemshia maji ya nyumba nzima kwa gesi. Chini yake kuna kimoto kidogo kinachowaka usiku na mchana. Kanuni za ujenzi za huku zinataka kiwashio cha mtambo wa namna hiyo kikiwa gerejini kikae inchi 18 juu ya sakafu, yaani sentimita 46 hivi, kwa sababu ya mvuke huo huo unaotambaa. Nyumba yetu ni ya zamani, na mtungi wetu umekaa chini kabisa. Basi kila jioni ya kupuliza nilikuwa naufunga gesi mapema. Napasha gereji kwa hita ya umeme, naichomoa na kuitoa nje ya gereji, nauinua mlango mkubwa kwa mkono kiasi cha shubiri moja ili mvuke utokee chini, ndipo naanza kupuliza.

Tatizo ni kwamba mama mkwe alikuwa ametua kutoka Tanga kuja kumwona mjukuu, na mama huyu haendi kulala bila kuoga maji ya moto.

"Mama, samahani sana," nilimwambia jioni ya kwanza. "Baridi imegandisha mabomba."

Ungekuwa wewe ungemwambia nini? Kwamba mama amelala na jasho la safari ya ndege kwa sababu mkwe anapaka gitaa? Akaniangalia, akasema, "Haya mwanangu, Mungu atafungua." Asubuhi maji yakawa ya moto. Jioni yakawa ya baridi. Mabomba ya Minnesota yakaanza kuganda kwa ratiba.

Mama akaanza kukusanya ushahidi. Kwanza ule umeme wa hewa kavu. Majira ya baridi, nyumba ikipashwa joto, hewa inakauka mpaka ukishika kitasa unarushwa cheche. Mke wangu alimweleza vizuri tu, lakini mama alikuwa ameshashika vitasa vya Tanga miaka zaidi ya sitini na hakuna hata kimoja kilichowahi kumng'ata. Halafu akaniona mimi. Cheche hiyo hiyo ya kitasa inatosha kuwasha mvuke, kwa hiyo kabla ya kuingia gerejini nilikuwa navua sweta la sufi, naenda kwenye sinki, naweka kiganja changu kwenye bomba la chuma, natulia kidogo umeme uniishe mwilini, ndipo naingia. Mama yuko mezani anachambua mchele. Anamwona mkwe wake kila jioni anavua nguo, analishika bomba kimya, anatokomea gizani, na baada ya hapo maji yanakuwa ya baridi.

Tena kulikuwa na sufuria. Kopo la laka likiwa baridi linatema matone badala ya kutoa ukungu mwembamba, kwa hiyo mafundi huliweka kwenye maji ya vuguvugu kabla ya kupuliza. Vuguvugu tu, maana makopo yenyewe yameandikwa yasizidi nyuzi 49. Mimi nilitumia sufuria ya ugali, nikawa nayageuza makopo taratibu kwa mwiko huku natazama kipimajoto. Mama akaingia jikoni kuchukua chumvi, akatoka bila chumvi.

"Nyumba hii ina wenyewe," nilimsikia akimwambia mke wangu usiku huo. "Na mumeo anawahudumia."

Usiku wa koti la mwisho la rangi, mama alikuwa ametoka na mke wangu mchana kwenda maduka ya Wasomali Minneapolis kununua mchele na nyama. Alichonunua kwa pesa yake mwenyewe hakuna aliyekiuliza. Mimi nilikuwa gerejini, gitaa limening'inia kwenye waya, jekundu, limelowa, sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Nimevaa barakoa ya mpira yenye vichujio viwili, miwani ya fundi, koti la mvua, na kichwani kofia ya plastiki ya kuogea ya mke wangu ili nywele zisidondokee kwenye laka. Chini nimetandaza maboksi yaliyofunguliwa, na juu yake limejaa vumbi jekundu la laka iliyokosa gitaa makoti yote yaliyopita.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa.

Mama amesimama juu ya ngazi, kajitanda khanga mbili juu ya jaketi la mke wangu, mdomo unasoma dua, mkononi chetezo. Ndani ya chetezo kuna kile kidonge cheusi cha mkaa wa udi kilichotiwa dawa ya kushika haraka, cha kuwashia kiberiti tu. Wanaovijua wanajua: dakika ya kwanza hakitulii. Kinachachatika na kurusha cheche kuzunguka ukingo wote. Mama alikuwa amekiwasha pale pale mlangoni, kibichi kabisa.

Nikataka kusema, "Mama, tafadhali rudi ndani." Kilichotoka kwenye vichujio ni mngurumo. Nikanyoosha mkono, na mkono una glavu nyekundu. Hapo nikakwama, maana huwezi kumpigia kelele mama mkwe, huwezi kumsukuma, na kumkimbilia umevaa vile ndiyo usiseme. Nilisimama katikati ya adabu na moto nikipima kipi kinaanza.

Mama akapaza sauti, "Bismillahi!" akakitikisa chetezo kuelekea kwangu.

Cheche moja ikaruka, ikashuka ngazi polepole, ikatua kwenye boksi.

Fwaa.

Sio mlipuko wa sinema. Ni shuka la moto, la buluu chini na la njano juu, lililopita sakafuni mara moja na kunipanda mpaka usoni, likafuatiwa na maboksi kuwaka kwa haraka ambayo karatasi ya kawaida haina. Mvuke ulikuwa chini, mama yuko juu ya ngazi, hata upindo wa khanga haukuguswa. Mimi nikauinua mlango mkubwa kwa nguvu zote, nikasukumia maboksi kwenye theluji kwa reki, nikashika mtungi wa kuzimia moto niliokuwa nimeuweka karibu (nilikuambia nilijiandaa) na kupuliza unga kila mahali. Yote hayo hayakufika muda wa kuchemsha chai. Nilipovua barakoa, kofia ya kuogea ilikuwa imesinyaa ikanishika utosini kama ngozi ya maziwa, na nyusi zangu hazikuwepo.

"Ametoka!" mama akapiga kigelegele. "Nimemwona kwa macho yangu, ametoka anawaka!"

Kengele ya moshi ikaamsha mtoto, mtoto akaamsha mtaa, na zimamoto wakaja na gari refu kuliko nyumba yetu. Mkuu wao alikuwa mzee mpole mwenye masharubu. Akazunguka gereji na kifaa cha kunusa mvuke, akanusa pia chetezo, akauliza ni nini. Mke wangu akamwambia ni manukato ya nyumba. Akaangalia mlango ulioinuliwa, hita iliyotolewa, kisha akainama kwenye kona, akakaa hapo kitambo akitazama mtungi wa maji.

"Nani alifunga gesi hapa?"

Nikanyoosha mkono. Nilijisikia vizuri, sikatai.

Mzee akaja akanishika mkono. Akasema matukio yake mengi ya moto wa gereji yanaanzia kwenye kimoto hicho hicho, watu hawakikumbuki, na kama ningekiacha kinawaka na mvuke wote ule, mazungumzo yetu yangefanyikia hospitali. Akageukia familia kuwapongeza kwa kuwa na mtu makini.

"Anasemaje huyo bwana?" mama akauliza.

Mke wangu ni mkalimani mahakamani. Hapunguzi neno, hata la mumewe. "Anasema mkweo kafanya jambo la maana sana, mama. Kila jioni anazima mtambo wa maji ya moto."

Pakawa kimya. Wale vijana wa zimamoto wakaacha kukunja mipira, nadhani kwa heshima.

"Kila jioni?" mama akasema.

Nikatazama theluji.

"Mabomba si yalikuwa yanaganda, mwanangu?"

Mke wangu akamtafsiria mkuu wa zimamoto swali hilo pia, sijui kwa nini.

Gitaa lenyewe lilining'inia mbele ya mlango ulio wazi mpaka wageni wale walipoondoka, na unga wa kuzimia moto umeshikamana na koti bichi. Mtu mwenye huruma akaliingiza sebuleni kwenye joto. Naitro ikitoka kwenye baridi kali na kuingizwa ghafla ndani, inapasuka: mistari myembamba, mamia, kutoka ukingo hadi ukingo. Nililia kidogo, bila nyusi, kisha nikafunga nyuzi kwa sababu harusi ni harusi.

Kumbe wapo wanaolipia mipasuko. Kampuni ya Fender yenyewe tangu 1995 inauza magitaa mapya yaliyochakazwa makusudi, kwa bei ya juu kuliko yaliyo mazima. Ukumbini akanifuata mpiga solo wa bendi ya Kimarekani iliyopiga kabla yetu, akalipapasa gitaa langu, akauliza limezeeshwa na fundi gani, kwa dawa gani, maana hajawahi kuona rangi iliyochoka kwa uzuri namna ile. Nikamwambia fundi ni mama mmoja wa Tanga, anatumia udi. Akaomba namba.

Alipopiga jioni moja nikamsihi asubiri, fundi yuko bafuni, ameingia tangu magharibi, na maji bado ni ya moto.