Jamani, saa za kula Hispania!

Nimehamia Andalusia, kusini mwa Hispania, na familia, na lugha siyo inayonitoa jasho. Ni saa! Unatoka kazini saa nane mchana, unataka kununua madaftari ya mtoto, duka limefungwa. Duka la vyuma, limefungwa. Fundi viatu naye kashusha shata. Kufungua ni saa kumi na moja au zaidi. Na kiangazi hapa joto linafika nyuzi 40, hata pa kujibanza hakuna. Maduka makubwa hayafungi mchana, lakini si kila kitu kinapatikana huko.

Chakula cha jioni ndiyo balaa. Saa moja jioni watoto wanalia njaa, unaingia mgahawani unaambiwa jiko halijafunguliwa, mpaka saa mbili na nusu au saa tatu usiku. Saa tatu! Mtoto wa miaka minne saa hiyo anatakiwa awe amelala.

Tena saa zenyewe hazifuati jua. Mwaka 1940 serikali ya Franco, dikteta wa Hispania wakati huo, ilisogeza saa mbele zilingane na za Ujerumani, na mpaka leo hazijarudishwa. Ndiyo maana mwezi Juni jua linazama karibu saa nne usiku, na ukimwambia mtoto alale anakuonyesha dirisha.

Wenyeji ni wakarimu, hilo silipingi. Lakini mzazi mwenye watoto wadogo atapikiwa saa ngapi? Angalau wangefungua jiko saa moja, hata kwa supu tu.