Iacheni ile skripti ya Perl

Wiki hii nimeitwa na ofisi moja ya wapima ardhi hapa Dodoma niwaangalizie kompyuta yao ya nyaraka. Jambo la kwanza nikaambiwa skripti inayolinda mafaili, programu fupi iliyoandikwa kwa Perl, lugha ya kuandikia programu, inafutwa. Ina kosa gani? Hakuna. Kijana wa muuzaji wa mfumo mpya kasema Perl imekufa, wakubwa wamekubali. Hasira yangu haijaisha hadi sasa.

Larry Wall aliitoa Perl mwaka 1987, ni ya zamani kweli. Lakini Strawberry Perl inakaa kwenye Windows bila malipo, na Task Scheduler, kipanga ratiba cha Windows, inaiamsha skripti ile kila usiku watu wakiwa wamelala. Inapita folda zote kwa File::Find, inakokotoa kwa Digest::SHA alama ya SHA-256 ya kila faili, yaani namba ndefu inayotokana na yaliyomo kama alama ya kidole, inaandika orodha, kisha inailinganisha na ya jana. Lililoongezeka, lililotoweka, lililoguswa, yote yanaonekana asubuhi.

Mfumo mpya unasikiliza mafaili kutoka kompyuta moja na kutoa taarifa papo hapo likibadilika. Sawa, ni jambo zuri, na Perl nayo ina Win32::ChangeNotify kwa anayetaka. Ila jamani, umeme ukikatika, kompyuta inayosikiliza inazimika huku seva yenye betri na laptop za watu zinaendelea kazi. Yaliyotokea hapo katikati atayasema nani? Hata umeme ukiwepo, mafaili mengi yakibadilika kwa mpigo, nafasi ambayo Windows inawekea taarifa hizo inaweza kujaa, zikapotea. Orodha ya usiku haina shida hiyo. Ni kama karani wa ghala pale Kibaigwa anayehesabu magunia upya: hahitaji kujua nani alikuwa getini mchana.

Msiniambie tarehe za faili zinatosha kujua kama limeguswa! Kwenye Windows, ctime, moja ya tarehe za faili ambazo Perl inakupa, ni wakati faili lilipoundwa, tofauti na Linux. Nakili leo faili la 2015 kwenda diski nyingine: tarehe ya kubadilishwa inabaki ile ya 2015, ya kuundwa inakuwa ya leo. Tena mtu yeyote mwenye ruhusa anaweza kuirudisha nyuma tarehe ya kubadilishwa. Alama inatokana na yaliyomo. Mji huu una hati za viwanja za tangu enzi za CDA, mamlaka ya kustawisha makao makuu iliyovunjwa 2017, na watu wanasumbuka miaka kwa ajili ya kiwanja kimoja. Tarakimu moja ya namba ya kitalu ikibadilishwa ndani ya faili, alama inakuwa nyingine kabisa. Huyo ni mjane anayebaki na kiwanja chake au asibaki.

Nakubali, ipo Perl iliyoandikwa ovyo isiyosomeka. PowerShell, lugha ya skripti ya Windows yenyewe, nayo ina Get-FileHash ya kukokotoa alama hizo. Anayetaka kuiandika upya kwa hiyo sitagombana naye. Ninachokataa ni kutupa kitu unachokifungua kwa Notepad ukakisoma mstari kwa mstari, ukachukua kilichofungwa usichoweza kuona ndani, cha kulipia kila mwaka. Mkataba ukiisha, orodha zitabaki kwa nani?

Basi kabla hamjafuta, viendesheni vyote viwili, skripti na mfumo mpya, pamoja. Zimeni kwa makusudi kompyuta inayosikiliza, badilisheni faili moja kwenye seva, muiwashe tena kompyuta hiyo, halafu asubuhi msome kila kimoja kimeandika nini. Na orodha za zamani zihamishieni diski ambayo mfanyakazi wa kawaida hana ruhusa ya kuiandika.