Bei moja ya ngozi mbadala na hesabu ya kidonda cha mguu

Tangu Januari 1, 2026, Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, hulipia ngozi mbadala zinazobandikwa kwenye vidonda sugu kwa bei moja: takriban dola 127 kwa sentimita ya mraba. Zamani kila bidhaa ilikuwa na bei yake chini ya msimbo wake wa malipo, na kliniki zililipwa wastani wa bei ya soko pamoja na asilimia 6. Bidhaa ikiwa ghali, ile asilimia nayo inanona. Nyingine zilipita dola 1,000 kwa sentimita, na matumizi ya Medicare yakapaa kutoka dola milioni 252 mwaka 2019 hadi zaidi ya bilioni 10 mwaka 2024. Vidonda havikuongezeka mara arobaini. Ilibidi mlango ufungwe.

Hata hivyo, malalamiko ya matabibu wa miguu yana uzito. Bidhaa iliyothibitishwa kwa majaribio ya kitabibu sasa inalipwa sawasawa na utando wa kondo la nyuma uliosajiliwa kama tishu tu. Kliniki ndogo itavutwa na iliyo rahisi kununua, na mguu unaowekwa rehani ni wa mgonjwa wa kisukari. Bei ya pamoja ibaki, ila igawanywe kwa madaraja ya ushahidi, na mapema.

Kwa sasa fedha iko kwenye rula. Kidonda cha kisigino cha sentimita 3 kwa 4 ni 12 za mraba. Kazi ya kukibandika ngozi hiyo hudaiwa kwa msimbo 15275, unaobeba hadi sentimita 25 za mraba za kwanza. Kukisafisha, yaani kuondoa tishu mbovu, siku hiyohiyo kumo humo humo, usikudai kando.

Siku ya kusafisha tu, madai mengi hukwama kwa sababu moja: msimbo hufuata tishu iliyoondolewa, si kina cha kidonda. Mfupa unaonekana, lakini kisu kimetoa mafuta ya chini ya ngozi tu? Hiyo ni 11042 (tishu ya chini ya ngozi), si 11044 (mfupa). Misimbo ya utambuzi wake, E11.621 (kisukari chenye kidonda cha mguu) ikifuatwa na L97.416 kwa kisigino cha kulia, itataja mfupa, na haipingani na ule wa kazi. Ukisafisha vidonda viwili kwa kina kimoja, jumlisha maeneo: 12 na 14 ni 26, yaani 11042 moja kwa 20 za kwanza na 11045 moja, ya nyongeza, kwa zilizobaki. Kina kikitofautiana, kila kimoja kihesabiwe peke yake.