Mvua ya Pugu, Maji ya Jangwani

Kwa mama mdogo, Kigogo, Dar es Salaam, kuna mstari wa mkaa ukutani, juu kidogo ya swichi ya taa. Hapo ndipo mto Msimbazi ulipofika Desemba 2011. Chini yake upo mwingine, wa Aprili 2018. Mvua ikikolea, humtuma mjukuu wake darajani akaangalie mto umefika wapi. Huyo mtoto ndiye kituo chake cha kupimia maji.

Hili si la kumwachia mtoto.

Mvua tunatangaziwa, na Mamlaka ya Hali ya Hewa inajitahidi. Ila mvua na mto ni vitu viwili. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe. Huko ikinyesha usiku, huku bondeni Jangwani panaweza kuwa pakavu kabisa na maji bado yakaja. Wa bondeni anataka kujua huko juu mto umepanda kiasi gani.

Kupima kwenyewe si uchawi. Ubao wenye alama za sentimita husimikwa mtoni, msomaji akaandika kina asubuhi na jioni. Siku hizi vipo na vifaa vinavyojisomea na kutuma namba. Kazi iko kwenye mchanga. Kina peke yake hakikuambii maji ni mengi kiasi gani, mpaka watu waingie mtoni wapime upana na kasi, kisha walinganishe na ubao. Na Msimbazi hujaa mchanga. Sakafu yake ikipanda, mita mbili za mwaka huu si mita mbili za mwaka jana, na usipopima upya ubao unakudanganya. Ndiyo maana nasikitika kifaa kikifungwa, picha zikapigwa, basi. Itengwe hela ya kurudi kila mwaka.

Tena si mafuriko tu. Oktoba 2022 tuliingia kwenye mgao wa maji kwa sababu mto Ruvu, unaotupa maji Dar, ulipungua. Mto unaotoka Uluguru haukauki kwa siku moja. Hushuka wiki baada ya wiki. Bei ya mafuta tunatangaziwa kila mwezi. Kina cha Ruvu kingetangazwa hivyohivyo, watu wangeanza kujaza mapipa mapema. Hata bwawa la Kidunda kwenye mto huohuo, la mita za ujazo milioni 190, litaendeshwa kwa vipimo hivihivi.

Kwa Msimbazi naomba mambo mawili tu: umefika ngapi, na unapanda au unashuka. Mama mdogo ana kitochi. Meseji inaingia vizuri tu.